Kidole cha Mzee Mwinyimvua

Kila siku baada ya shule, Candida alipita Mtaa wa Swahili, Kariakoo, akiwa na daftari dogo. Lilikuwa na kurasa tatu zenye vichwa: Wachangamfu, Wakali, Wazito. Kila mtu aliyemjua alikuwa ameandikwa mahali pake. Mama yake alikuwa amehamishwa mara tatu wiki hiyo.

"Unachukua muda gani kumjua mtu?" aliuliza rafiki yake Kusum, binti wa muuza vitambaa.

"Nikihesabu mpaka kumi, nimemaliza."

Alhamisi moja mama alimpa yadi tatu za kitambaa cheupe ampelekee Mzee Mwinyimvua, fundi cherehani. Jumamosi saa kumi ilikuwa sherehe ya shule, na Candida alichaguliwa kuongoza kwaya. Mwalimu alitoa sharti moja: gauni jeupe linalofunika magoti. Asiye nalo angekaa na watazamaji.

Candida na Kusum walimkuta Mzee barazani, ameinamia kanzu na futi yake ya kupimia.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee hakujibu. Aliinua kidole kimoja tu, macho yakiwa kwenye kanzu. Candida alihesabu mpaka kumi, akafungua daftari. "Mkali," alisema, akaandika.

Mwisho wa baraza hiyo hiyo alikaa fundi Shomari, ambaye hakunyamaza hata akiwa na pini mdomoni.

"Karibu, mwanangu! Gauni? Futi ya nini? Macho yangu ndiyo futi! Simama hapo hapo barabarani. Mabega hivi, kiuno hivi, basi, nimeshakuona!"

"Lakini mama yako alisema..." Kusum alinong'ona.

"Mama hakuona nilivyonyimwa salamu," alisema Candida, akampa Shomari kitambaa.

Jumamosi saa sita, pale barazani, Candida alivaa gauni. Mabega yalikaa sawasawa, na kiuno pia. Pindo liliishia inchi tatu juu ya magoti.

"Zuri sana," alisema Kusum. "Mpe mdogo wako."

Shomari alikuna kichwa. "Ajabu. Juzi ulikuwa mfupi."

"Nilikuwa nimesimama barabarani, nawe ulikuwa juu ya baraza!"

"Basi barabara ndiyo yenye makosa."

Candida akaanza kulia. Kitambaa kilikuwa kimebaki vipande tu. Mzee Mwinyimvua akainuka polepole, akapima gauni, kisha vipande, kimoja kimoja. Candida alipofungua mdomo, kidole kikainuka. Safari hii hakuwa na pa kwenda. Alihesabu mpaka kumi, mpaka ishirini, mpaka sitini. Mzee akaandika namba mezani kwa chaki, akainua uso.

"Marahaba," alisema. "Hiyo ni ya Alhamisi."

"Kumbe hukukasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Nilikuwa na vipimo saba kichwani. Nikisema kabla sijaviandika, vinatoka vyote. Nilipomaliza kuandika niliinua uso, nikakuta umekwenda."

"Mimi kinyume chake," alisema Shomari. "Nisiposema, sijui ninawaza nini."

"Tunakujua," alisema Mzee. "Vipande vinatosha ukanda wa inchi tano. Nitauunga chini."

"Utaonekana kiraka!" alidakia Shomari. " Tia utepe wa buluu juu ya mshono, watu watadhani ndiyo fasheni."

Kusum alikuwa ameshakimbilia dukani kwa baba yake kuleta utepe. Saa tisa gauni lilifunika magoti.

"Mzee, nikuandike wapi?" Candida aliuliza, daftari mkononi.

"Usiniandike. Mimi huanza na vipimo, Shomari huanza na picha nzima, na leo umetuhitaji sote wawili. Kidole ulikiona, lakini hukujua kichwani mna nini. Kabla hujampa mtu jina, ngoja amalize anachofikiri. Kisha muulize."

"Na mama akikutuma kwa Mwinyimvua," aliongeza Shomari, "nenda kwa Mwinyimvua."

Kwaya iliimba vizuri. Baada ya sherehe, mama alimshika Candida mkono, akalitazama pindo kwa makini.

"Huu utepe wa buluu umetoka wapi?"

Candida akainua kidole kimoja.

Mama akahesabu mpaka tatu. "Shusha hicho kidole, useme."

Candida akakishusha, akasema kweli yote, kuanzia Alhamisi.