Akikuita Mwenyewe

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia darasa la watoto wenye usonji kumchukua mdogo wake, Kibonge. Yeye aliitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Kibonge hakuwa na neno hata moja. Wenzake walipolalamika kwamba wadogo zao wanawasumbua, "Dada! Dada!" kutwa nzima, Chiriku aliwaonea wivu. Laiti angesumbuliwa yeye, japo mara moja tu!

Darasani humo walimu wapya walikuwa wakijifunza kazi. Mkufunzi wao, mama wa makamo, aliwaonyesha kupanga picha mezani: mpira, maji, na picha ya Chiriku mwenyewe. Mtoto akimkabidhi mwalimu picha, anapewa anachokitaka.

"Msimshike mkono," alisisitiza. "Ngojeni. Kungoja ndiyo kazi yenyewe."

Mwalimu mpya wa Kibonge, kijana mpole, alingoja mpaka jasho likamtoka. Kibonge alitazama dirisha tu. Chiriku, aliyeketi nyuma yake, akamsukuma kiwiko kidogo kuelekea picha ya dada. Kibonge akaiokota, akaitoa.

"Ameniita!" Chiriku aliruka.

Siku zilizofuata alifanya vivyo hivyo. Mkufunzi, aliyekuwa akizungukia meza zote, akaamini. "Picha amezijua. Mpeleke hatua ya pili."

Huko picha zilikuwa nyingi. Kibonge alichanganyikiwa, akalia, akajipigapiga kichwa.

"Nimekosea wapi, Mama?" kijana aliuliza kwa unyonge. "Labda kazi hii siiwezi."

Chiriku hakuweza kuvumilia. "Si yeye, Mama. Ni mimi. Nilikuwa namsukuma mkono. Nilitaka aniite."

Mkufunzi alizirudisha mezani picha tatu za mwanzo. "Haya, tunaanza upya. Wewe keti kule mlangoni, na mdomo utie kufuli."

"Makufuli mawili, Mama."

Wakangoja. Kibonge aligusa picha, akaiacha, akayumbayumba. Mwisho akachukua picha ya maji, akamtia mwalimu kiganjani. Kijana akamletea maji, nusura amwage kikombe kwa furaha.

Picha ya Chiriku ilibaki mezani. Machozi yakamlengalenga.

Mkufunzi akamvuta karibu. "Mwanangu, ukimjibia, hatutajua kamwe anachokitaka. Umesema kweli, ndiyo maana leo amekunywa maji aliyoyaomba mwenyewe. Na siku Mungu akijalia akuite, hutakuwa na shaka kwamba ni yeye aliyekuita."