Usimpe Mtu Yeyote

Duka la simu lilikuwa limefurika hadi mlangoni, na kila mtu aliona shida yake ni kubwa kuliko ya mwenzake. Ya Poda ilikuwa kubwa kweli. Poda ndilo jina walilomzoea nalo, maana kazi yake ilikuwa kupamba maharusi, na hata gauni lake la mapumziko halikukosa vumbi la poda. Simu yake ilitumbukia kwenye beseni la maji, laini ikafa, na wezi wakaanza kuuchokonoa ukurasa wake wa mtandaoni, wenye picha zake zote na wateja wake wote.

Mhudumu akamwambia aweke ulinzi wa hatua mbili: neno la siri kwanza, halafu tarakimu sita zinazotumwa kwenye simu. Ila laini mpya ingechelewa kufunguka. Je, hana mtu anayemwamini, zitumwe kwa huyo kwa sasa? Poda akageuka huku na huku, kana kwamba watu wa kuaminika wanauzwa kwenye zile rafu.

"Weka namba yangu," ilisema sauti nyuma yake. "La sivyo tutazeekea kwenye foleni hii."

Alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli ya buluu, grisi hadi kwenye viwiko. Fundi wa lifti. Mhudumu alimwuliza Poda kama anamjua, Poda akajibu kwamba wezi pia hawajui, na huyu angalau kamwona sura. Basi ikawekwa. Ujumbe ulipoingia, fundi akasoma tarakimu tano, akanyamaza.

"Wameandika hapa nisimpe mtu yeyote."

"Mimi si mtu yeyote," Poda alisema. Fundi akacheka, akaitoa ya sita.

Angeibadilisha namba ile kesho yake. Kesho hiyo, jamani, haikufika. Tableti ya saluni ilikuwa ikimtoa nje ya ukurasa kila ikizimwa, kwa hiyo kila asubuhi Poda alimpigia. "Ghorofa," alimwita hivyo kwa urefu wake, "nipe namba." Naye, akiwa ndani ya shimo la lifti, vyuma vikilia nyuma yake, alisoma tano, akasema wameandika asimpe mtu yeyote, akauliza kama yeye si mtu yeyote ni nani basi. Jibu lilipanda ngazi taratibu. Mteja wako. Rafiki yako. Mpenzi wako. Siku alipojibu "mkeo", Ghorofa alikuja saluni jioni hiyo hiyo na ovaroli yake, pete mfukoni kati ya misumari.

Laini ya Poda ilikwisha kufunguka zamani. Hakubadilisha kitu. Hata neno la siri aliligeuza likawa "ghorofa", akamwambia mwenyewe kwa mbwembwe. Shangazi yake alipolisikia hilo alitikisa kichwa. Mwanangu, alisema, umemvalisha mtu ufunguo wako shingoni; akipenda atalinda, akikasirika ataingia. Poda akamwambia shangazi ana mambo ya kizamani.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hujipekua akiwa na furaha?

Mpiga picha za harusi ndiye aliyekuja kulifumbua. Alikuwa mtu wa kumwita kila mtu mpenzi, hata mlinzi wa getini, hata paka wa mlinzi. Siku hiyo hakumwita Poda mpenzi. Alisema angeambiwa usoni ingetosha, akanyoosha simu. Ujumbe ulitoka kwenye ukurasa wa Poda: *Nina mtu wangu. Usinitafute tena, wewe na kazi zako.* Basi maharusi wote wa msimu ule, aliokuwa amemwekea yeye, alikwisha kumpa mpambaji mwingine.

Poda hakuwa ameandika neno hata moja. Aliufungua ukurasa, akatazama simu zilizoingia humo. Ya kwake. Tableti. Na ya tatu, ambayo aliijua kama anavyokijua kiganja chake.

Alimkuta kwenye jengo refu, amepiga goti kando ya lifti iliyofunguliwa. Ghorofa hakukana.

"Alikuita mpenzi," alisema.

"Anamwita paka mpenzi. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenidanganya."

Hilo lilimuuma kuliko kazi iliyopotea. "Nilikupa mlango ulinde," Poda alisema, akaivua pete, akaiweka juu ya sanduku la spana.

Alilia, ndiyo. Alimpenda vilevile, na hiyo ndiyo balaa yake. Neno la siri alilibadilisha siku ile ile. Namba ya Ghorofa ndiyo iliyobaki, maana ukurasa ulitaka tarakimu zitumwe kwenye namba inayoondolewa. Kila asubuhi alijiambia leo. Tableti akaiacha inawaka, asije akalazimika kumpigia.

Siku aliyopiga, bibi harusi alikuwa kitini, uso umepakwa nusu. Poda alimwomba afumbe macho, asiyafumbue hadi aambiwe.

"Imekuja namba," alisema simuni. "Nisomee."

"Ni ya kuniondoa?"

"Ndiyo."

Vyuma vilikuwa kimya safari hii. "Nilimwendea mpiga picha. Nilimwambia ni mimi."

"Aliniambia. Asante."

"Poda, bado nakupenda."

"Na mimi. Kama si hivyo ningekupigia siku ile ile."

Akasoma moja, mbili, hadi ya tano. Kisha akanyamaza, na Poda akaujua ukimya ule, maana aliamka nao asubuhi zote za furaha yake.

"Wameandika hapa," Ghorofa alisema, "nisimpe mtu yeyote."

Jibu lilikuwa ulimini. Angelisema tu, jioni angemwona mlangoni na ovaroli yake, na pete. Na kila mteja akimwita mpenzi, Poda angejiuliza nani mwingine anasoma.

"Mimi ndiye huyo mtu yeyote," alisema. "Nipe."

Alimsikia akivuta pumzi.

"Saba."

Poda akaibonyeza saba. Namba ikaondoka. Akajifuta machozi kwa sponji ya poda, akamgeukia bibi harusi.

"Haya, mdogo wangu. Fumbua macho."

"Nimependeza?"

"Umependeza sana," Poda alisema, akaendelea na shavu lililobaki.