Bibi Asiyekuwamo Kwenye Mkanda

Rafiki yangu Abdulatifu, miaka ile video zilipoingia Kibiti, ndiye aliyekuwa akizinadi kwa kipaza sauti. Na sauti yake, wallahi, ilikuwa ikizima ngurumo ya mashine ya kusaga! Ila filamu zenyewe hakuwa akizitazama. Aliangalia picha ya kwenye jalada, mengine akayatunga.

Siku moja alikwenda kijijini Salale kwa boti na Donati, mwenye video. Walipofika tu akaanza kunadi: "Mtamwona bibi kizee anayewaita wavuvi kwa majina kutoka mikokoni!"

"Bibi gani, wewe? Hii ni ya karate," Donati akamnong'oneza. "Watu wakilalamika, kazi huna."

Onyesho lilikuwa mchana, ndani ya banda lililozibwa kwa magunia. Abdulatifu akabaki nje, roho mkononi, akingoja matusi. Lakini watu walitoka kimya.

"Kaka, yule bibi umemtoa wapi?" akauliza Mwanawetu, muuza uduvi. "Kamwita marehemu mume wangu."

"Dada, usinitanie."

Mwanawetu hakucheka. Abdulatifu akashuku kwamba amekula njama na Donati ili wamkomoe, akaingia bandani kuhakikisha. Giza totoro. Jenereta lilikuwa limeshazimwa, na mkanda Donati alikuwa nao nje, mkononi. Akaipapasa televisheni, ilikuwa baridi. Ndani yake mtu akakohoa kizee, kisha akauliza taratibu:

"Abdulatifu, mbona mwisho wangu hukuwaambia?"