Kamanda na Mdomo wa Kukodi

Tangazo rasmi! Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini niliyojipa mwenyewe, nawatangazia wasomaji wote kwamba hadithi hii ya mapenzi matukufu itaishia kwenye harusi. Kutakuwa na tarumbeta, keki ya ghorofa nne, na mashangazi watakaolia mpaka wanja uwafike kidevuni. Wenye roho nyepesi waandae vitambaa.

Ila kwanza lifti ilikuwa mbovu.

Ndiyo maana msichana mmoja mwenye gauni la manjano, hereni ndefu na viatu vya kisigino alifika ghorofa ya tano akiwa amevaa, juu ya gauni hilo, fulana ya kuzuia risasi. Kuibeba mkononi kulimshinda njiani. Ndani yake mlikuwa na mabamba ya chuma, mbele na nyuma, na mabega yake yalikuwa yakimlaani. Ukumbini wamejaa wenye viwanda waliokumbatia mabuti, mahema na masufuria ya kambini, kila mmoja anautazama mzigo wa mwenzake kwa husuda. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha sampuli kwenye ofisi ya ununuzi ya serikali ya kigeni, ambayo jeshi lake lilikuwa vitani na halikuwa na nafasi ya kujishonea.

Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, akampisha mlangoni.

"Dada, umekuja kuomba zabuni au kupindua serikali?"

"Inategemea nani anauliza."

"Mkalimani tu. Wakubwa wanasema, mimi narudia."

"Kumbe mdomo wa kukodi!"

"Wa kukodi, lakini msafi. Pita, Kamanda."

Foleni nzima ikacheka. Yeye alijaribu kununa, ikashindikana.

Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wenye viwanda kuuza kwa majeshi ya nje, nao walimwita Mshauri. Aliwafundisha kwamba afisa wa ununuzi hanunui maneno matamu. Anataka mshono ulionyooka, muhuri kila ukurasa, na bei iliyo chini ya bei ya jirani. Wateja walimlipa, isipokuwa mmoja: mjomba wake, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Mjomba alikuwa na kiwanda cha kushona ambacho nusu ya cherehani zake zilikuwa zimefunikwa turubai. Fulana ile ilikuwa yake. Ikikosa, zinafunikwa zote.

Simu zilianza jioni ile ile.

"Kamanda, mabega yanasemaje?"

"Yanakutukana."

"Kwa lugha gani, niyatafsiri?"

Wakawa wanakutana kwenye benchi lililo mkabala na ofisi ile, yeye na gauni lake, mkalimani na shati lake lisilojua kukunjamana. Mama yake mkalimani alitoka katika nchi ile ya kigeni. Mdogo wake alibaki kule kwa bibi yao, akakua, akavishwa sare.

"Anakwambia nini akipiga?"

"Kwamba anaogopa panya kuliko mizinga. Mwongo huyo. Anaogopa vyote."

Walicheka. Kisha hawakucheka, na mkalimani akamshika mkono kwa mara ya kwanza.

Halafu simu ikanyamaza. Mshauri alipiga asubuhi, akapiga mchana, akaandika: "Umekufa? Kama bado, nakuja kukumalizia." Kimya, kama bweni baada ya mwalimu wa zamu kuuliza nani kavunja dirisha.

Mshauri alijua vizuri kwamba tathmini ikianza wapimaji hufungwa midomo, wasiongee na mtu yeyote wa upande wa waombaji. Ni yeye aliyewafundisha wengine. Lakini mkalimani? Haikumpitia akilini kwamba hata mdomo wa kukodi hutiwa kufuli. Aliamini ameachwa, akajifuta machozi kwa mkono wa gauni, akaenda kiwandani kwa mjomba kutafuta kazi ya kumchosha.

Mjomba alikuwa na uhakika wa kushinda, kwa hiyo alishaanza kushona. Fulana zilirundikwa ukutani hadi dirishani. Mshauri akanyanyua moja aisogeze, ikanyanyuka kirahisi mno. Akaivaa. Mabega hayakulaani chochote.

"Mjomba, hii siyo tuliyopeleka."

"Ni ile ile. Rangi ile, mshono ule."

"Bamba ni jembamba."

Mjomba aliendelea kutunga uzi kwenye sindano. "Uliniambia nishushe bei, nikashusha. Ukasema bado, nikashusha tena. Ulidhani inashuka kwenye nini, mwanangu? Kwenye uzi?"

"Watu watakufa."

"Watu wa watu. Wa kwetu ndio hawa." Akaonyesha kwa kidevu wanawake waliokuwa wakishona, mmoja wao ananyonyesha huku mguu hautoki kwenye pedali.

Angeweza kusema. Simu ilikuwa mkononi. Lakini mtu wa kuambiwa alikuwa ni yule yule asiyepokea, na hasira ikamnong'oneza: hao wana nini na wewe? Akaivua fulana, akairudisha kwenye rundo, akainyoosha ukosi.

Mjomba alishinda. Matokeo yalipobandikwa, Mshauri hakuwa hata ameanza kushuka ngazi simu ikalia.

"Kamanda! Usikate! Nilifungiwa! Walichukua simu zetu, tukaapishwa. Hata kukwambia kwamba siruhusiwi kusema, kulikuwa ni kusema!"

"Mjinga wewe. Nililia."

"Nilie na mimi? Niko barabarani, lakini nitalia."

"Lia, nisikie."

"Nikuoe kwanza, ndio nilie?"

"Hivyo hivyo? Kwenye simu, na honi zinapigwa?"

"Nitarudia kwa lugha mbili, ukitaka na mihuri kila ukurasa. Kamanda wangu, tuoane?"

Alikaa kwenye ngazi, gauni likaingia vumbi, anacheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme ndiyo.

"Na unajua nini? Kikosi cha mdogo wangu ndicho kinapewa fulana za kwanza. Nimemwambia, lala usingizi wako, hiyo imepita mabegani mwa shemeji yako."

Honi zilisikika. Pikipiki ikapita.

"Kamanda?"

Akamweleza yote: rundo, bamba, bei, mjomba. Mkalimani hakumkatiza, maana kazi yake ilikuwa kusikiliza mpaka mwisho ndipo aseme. Alipomaliza, akauliza taratibu:

"Ulijua lini?"

"Siku zile ulipokuwa kimya."

"Na kama angekuwa mdogo wa mtu mwingine?"

Mshauri alitafuta jibu. Alilitafuta kweli. Mkalimani alisubiri, kisha akakata simu, amekwishaelewa.

Mkataba ulifutwa kabla fulana hata moja haijapakiwa. Mjomba hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alifunika cherehani mwenyewe, moja baada ya nyingine, na Mshauri aliposhika ncha ya pili ya turubai alisema tu, "Acha, mwanangu. Nitaweza."

Waliokosa zabuni hurudishiwa sampuli zao. Lifti bado ilikuwa mbovu. Dirishani alikuwa amekaa mkalimani, shati limekunjamana. Aliisukuma fulana mezani. Ilikuwa ile ya kwanza, ile nzito. Wapimaji walikuwa wameipiga risasi, ikabonyea kifuani, haikutoboka.

"Sahihi hapa, dada."

Akatia sahihi. "Mdogo wako?"

"Yu hai." Akaipanga kalamu sawasawa na ukingo wa meza. "Anamsalimu shemeji yake. Bado sijamwambia."

Mshauri akaivaa fulana, akatoka. Hapo, wasomaji wapendwa, akiwa kwenye ngazi, akasikia viatu vinamkimbilia na sauti ikiita, "Kamanda! Kamanda wangu!" Akageuka, macho yamemjaa, na tarumbeta zika...

Haya, mmenikamata. Hakuna aliyekimbia. Tarumbeta ni zangu, na mashangazi ni wangu, nilikuwa nimewaficha nyuma ya mlango tangu mstari wa kwanza. Nilijua ningetangaza ukweli mngenyanyuka mapema, mniachie msichana huyu peke yangu. Na harusi nilijaribu kuiandika, naapa. Keki ilisimama vizuri tu. Lakini kila nilipofika kwenye kiti cha mjomba, mstari wa mbele, kalamu iligoma. Nikimkalisha, anamtazama bibi harusi. Nikimwondoa, bibi harusi anamtafuta.

Alishuka ghorofa zote peke yake na chuma chake kizito, na alipofika chini hakukivua.