Utani wa Radi

Zenon alikuwa mkulima hodari wa mahindi pale Laela, kwetu Ufipa. Lakini tangu aingie kwenye mtandao mpya wa kijamii, ng'ombe wake walijua kiu.

"Baba Edwin, ng'ombe hawajanywa maji!" mkewe Luciana aliita huku akipepeta ulezi.

"Nakuja."

Haji ng'o! Macho yalikuwa kwenye simu.

"Mke wangu, mtandao huu hauna mwenye mali mmoja," alisema. "Ni nyumba nyingi zilizounganishwa. Kila nyumba ina msimamizi wake na sheria zake. Ukikaa katika nyumba moja, unaongea hata na watu wa nyumba nyingine. Hakuna mkubwa wa kutuamulia tusome nini."

"Na wewe uko nyumba gani?"

"Moto wa Siasa."

"Ndiyo maana umeungua," Luciana alisema.

Hakukosea. Zenon aliichagua nyumba hiyo kwa sababu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Sheria zake hakuzisoma hata mstari. Ulikuwa msimu wa kampeni za udiwani, na humo ndani watu walitukanana kutwa. Zenon alilala na hasira, akaamka na hasira, na mahindi yake yakabaki hayajapukuchuliwa.

Zenon alikuwa na dada mmoja tu, Bertilla. Wazazi wao walifariki mapema, na Zenon ndiye aliyemlea. Bertilla aliolewa na Andwele, mtu wa Tukuyu aliyefungua duka la vifaa vya ujenzi Sumbawanga mjini. Zenon na Andwele walipendana sana, na mashemeji wakipendana hutaniana. Sisi Wafipa tunasingiziwa kwamba tunatuma radi. Tumesingiziwa mpaka tumezoea, tunacheka. Basi Andwele alimwita Zenon "mchawi wangu", naye Zenon alimwita "mla ndizi", maana kwao Tukuyu ndizi ndicho chakula, na kila mara alimwahidi radi. Walikuwa wanasemeana hayo mezani, ugali ukiwa mkononi. Shikamoo kati yao haikuwepo, ilikuwa utani tu.

Siku moja Andwele aliandika mtandaoni kwamba anamuunga mkono mgombea fulani. Hakuwa mgombea wa Zenon. Zenon akamjibu palepale:

"Shemeji, ukimpigia kura huyo, mvua za kwanza huzivuki. Radi yako iko tayari."

Andwele alicheka. Akaandika, "Itume na soda, mchawi wangu."

Yakaishia hapo? Wapi! Zenon aliandika hadharani, mahali anaposoma kila mtu. Mtu mmoja wa Moto wa Siasa aliyachukua maneno ya Zenon, akaacha kicheko cha Andwele, akayasambaza. "Tazameni! Mpiga kura anatishiwa kuuawa!" Maneno yakapita nyumba hadi nyumba. Mwingine akataja duka la Andwele na mtaa wake. Watu wasiowajua wakaanza kumtukana Zenon, na wengine wakamtukana Andwele pia.

Baada ya siku chache Bertilla alipiga simu. Sauti ilikuwa imekauka.

"Kaka, wateja hawaingii dukani. Wanaogopa kusimama chini ya paa letu. Mama mkwe ameonyeshwa yale maneno. Anataka turudi Tukuyu."

"Lakini nilitania! Mwambie nilitania!"

"Mimi najua, na Andwele anajua. Mama amesoma matusi ya watu wengi, kaka. Wote wanasema ni kweli. Nani atamwambia asiamini?"

Zenon alifuta maneno yake mara moja. Asubuhi akayakuta bado yanazunguka. Akaenda kwa jirani yao, Lydia, mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari.

"Shikamoo, Baba Edwin."

"Marahaba, mwalimu. Nipe namba ya makao makuu ya mtandao huu. Nataka wafute."

Lydia alimtazama kwa huruma. "Makao makuu hayapo, baba. Kila nyumba ilipata nakala ya maneno yako. Ulipofuta, nyumba zote zilitumiwa ombi zifute. Nyingine zimetii, nyingine zimekataa. Hakuna wa kuzilazimisha."

"Kwa hiyo yatabaki?"

"Mengine yatabaki. Siwezi kukudanganya."

Zenon alishika kichwa. Lydia akavuta kiti, wakaanza kazi. Walituma malalamiko kwa msimamizi wa kila nyumba waliyoiona. Kisha Zenon aliandika kwa jina lake mwenyewe: "Andwele ni shemeji yangu. Ulikuwa utani wetu. Nimekosea kuuweka hadharani. Msisogelee duka lake."

"Sasa hama nyumba," Lydia alisema. "Soma sheria kwanza. Msimamizi anajulikana? Vitisho anaviondoa? Wafuasi wako utahama nao, ila maandishi ya zamani yanabaki kule."

Walipata nyumba ya wakulima, na sheria walizisoma mpaka mwisho. Lydia alimwonyesha jinsi ya kuchagua ni nani asome anachoandika, na jinsi ya kuzuia maneno ya matusi yasimfikie. Akamfundisha pia kufunika habari za siasa kwa onyo, ili asome anayetaka. "Siasa ni haki yako, izungumze," alisema. "Lakini utani wa shemeji mpigie simu. Mtandaoni watu wanasikia maneno, hawakuoni unavyocheka."

Wasimamizi wengine waliyaondoa yale maneno. Wa Moto wa Siasa hakujibu kabisa. Kabla mvua hazijaanza, duka lilifungwa. Bertilla na Andwele walipanda basi la Mbeya, wakirudi Tukuyu. Basi lilisimama Laela, abiria wakanunua karanga, likaondoka. Bertilla hakushuka kumuaga kaka yake.

Uchaguzi ukapita. Nyumba mpya ilikuwa tulivu: watu waliulizana kuhusu mbegu na viwavi, na hata siasa walibishana bila kutukanana. Ng'ombe walikunywa maji kwa wakati. Vijana wa Laela walikuja kwa Zenon kabla ya kujiunga, naye aliwaambia wasome sheria na waangalie wanaandika mbele ya nani. Walimsikiliza, na hakuna hata mmoja aliyepatwa na yaliyompata yeye.

Sikukuu ya Noeli alijikaza, akampigia Andwele.

"Wewe mla ndizi!" alianza. "Umenisahau?"

"Shikamoo, kaka Zenon," Andwele alijibu kwa upole. "Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Yale tulishasamehe. Bertilla anakusalimu. Samahani kaka, mama yupo karibu. Noeli njema."

Simu ikakatika.

"Anasemaje?" Luciana aliuliza.

"Ameniamkia," Zenon alisema. "Andwele ameniamkia shikamoo, kama mgeni." Akaanza kulia.