Nyumba ya Utepe wa Kaseti

"Abaayo, dada yangu, nimeiona kwa macho yangu! Keynan anasimamisha nyumba ya mikeka, huku nyuma ya soko la mifugo!"

Simu nusura imponyoke Idman. Ndoa yake na Keynan ilikuwa Ijumaa, na nyumba ya mikeka haisimamishwi bure. Husimamishwa kwa ajili ya bibi harusi, na wanaoisuka ni wanawake wa kwao.

"Barwaqo, kwetu hakuna aliyesuka hata mkeka mmoja. Mimi niliomba nyumba ya mawe."

"Basi ujue si yako."

Idman akamwandikia Keynan: "Ijumaa usije. Mwoe huyo huyo unayemjengea." Kisha akatoka mbio, buibui likifagia vumbi la Garissa.

Alimkuta Keynan peke yake uani. Nyumba ilikuwa nyeusi, inameta.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye nyumba! Mwezi mzima unaniambia uko kazini. Nani anakusukia mikeka?"

Keynan akaficha mikono mgongoni. Idman akaivuta. Vidole vilikuwa vimechanikachanika.

"Ni mimi ninayesuka," akasema kwa aibu. "Wallahi, hakuna mwanamke. Ni kazi ya sanaa, nimealikwa kwenye maonyesho Nairobi. Huu ni utepe wa kaseti kuukuu. Si unajua zamani watu walirekodi salamu, kaseti ikasafiri kutoka Takaba mpaka huku? Nikataka nyumba iliyosukwa kwa sauti za watu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie mwanamume anasuka mikeka? Shangazi zako wangevunja ndoa siku hiyo hiyo."

Simu ya Keynan ikalia mfukoni; ujumbe wa Idman ndio kwanza unaingia. Akasoma, uso ukamparama.

"Idman, Ijumaa nisije?"

"Uje! Ifute hiyo, ifute sasa hivi!"

Idman akaketi mchangani, akacheka na kulia kwa pamoja. Alhamdulillahi! Alikuwa amekwisha kujiona ameachwa, mji mzima unamnyooshea kidole, kumbe mwizi wa mume ni mume mwenyewe. Alipofuta machozi ndipo akautazama ule ususi vizuri.

"Keynan, hapa umesuka au umefunga mbuzi?"

"Hapo nilikuwa nimechoka."

Idman akampigia Barwaqo.

"Nimempata huyo mwanamke."

"Ni nani?"

"Ana ndevu. Walete shangazi zetu wote, kuna kazi huku."

Shangazi walifika, wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakafumua nusu ya ususi wa Keynan na kuusuka upya huku wakimsimanga. Hakuna aliyetaja kuvunja ndoa. Mmoja alimwambia Idman kwamba mume anayejua kusuka hapatikani kila siku.

Idman hakuitaja tena nyumba ya mawe; Ijumaa akaingizwa bibi harusi ndani ya nyumba ile nyeusi kwa vigelegele.

Jumatatu watu wa maonyesho wakapiga simu kutoka Nairobi.

"Bwana Keynan, lori letu limefika Garissa. Kazi iko tayari?"

Keynan akamtazama mkewe mlangoni.

"Iko tayari," akajibu, "lakini ina mtu ndani. Ngojeni kidogo."