Chafya ya Mtakatifu Yosefu

Sanamu ilipiga chafya saa sita mchana, kanisani hamna mtu ila katekista Elphas na ndoo yake ya maji.

Chafya moja tu, ya mtu anayejibana. Ilitoka kwa Mtakatifu Yosefu, chini ya kitambaa cha zambarau. Zilikuwa zile wiki mbili kabla ya Pasaka ambapo sanamu zote hufunikwa, na aliyezifunika ni Elphas mwenyewe. Akaweka ndoo chini. Akachungulia chini ya viti, nyuma ya altare, hata ndani ya kitubio. Hamna mtu. Akajiambia ni popo. Loo, popo gani huyo apigaye chafya mchana? Lakini Elphas alikuwa na lake moyoni, na chochote cha kumtuliza alikipokea.

Mwaka uliotangulia, Emajensi ya mkoloni imepamba moto, naye ana mwezi mmoja tu tangu aletwe misheni ya Manyatta kutoka Githongo, homgadi, askari wa kijiji wa serikali, walimfuata nyumbani. "Wewe ndiye unaandika majina ya Wakristo. Unajua nani ameacha misa akaenda kula kiapo cha watu wa msituni. Utavaa gunia, au utapanga mstari na wenzako?"

Akavaa. Gunia la kahawa, matundu mawili ya macho. Watu wa kijiji wakapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Aliyeinamishiwa kichwa alipakiwa kwenye lori. Elphas alijiapiza hatamwinamishia mtu yeyote. Na kweli hakumwinamishia mtu, mpaka vumbi la kahawa lilipompanda puani wakati amesimama mbele yake Njuki, fundi seremala. Chafya tatu mfululizo, na ya tatu ikamkunja shingo mpaka kidevu kikagusa kifua.

Njuki akapakiwa. Elphas angesema neno moja tu, "Hapana." Lakini sauti yake ndiyo iliyoongoza rozari kila jioni, wangemjua. Akanyamaza. Miezi saba baadaye ikaja habari kwamba Njuki amekufa kizuizini kwa kuhara damu.

Tangu siku ya gunia Elphas hakupiga chafya mbele ya mtu. Katekista mzima, ubani ukiwashwa anajibana pua na kutoka nje mbio kama aliyeshikwa na tumbo!

Kesho yake mchana alikuja Wamuyu, mjane wa Njuki, kama alivyokuja kila siku. Sanamu ya Yosefu ilifika misheni imevunjika mkono wa kulia, na Njuki ndiye aliyeichongea mkono wa mti. Wamuyu alipenyeza vidole chini ya kitambaa, akaushika.

"Mwalimu, leo mkono huu una joto."

"Ni jua tu hilo, mama. Sanamu haioni wala haisikii, si nimewafundisha? Ni kama picha ya mzazi aliyefariki. Kazi yake ni kukumbusha."

"Basi ikumbushe." Akashusha sauti. "Namwomba Yosefu amuumbue Kivuti mbele za watu."

Kivuti alikuwa ndugu yake Njuki, mtu wa ugoro. Siku ya gunia alikuwa machungani, hakuonekana mstarini. Na kila mtu alisikia zile chafya. Nani tena alikuwa ndani ya gunia, kama si mtu wa ugoro? Sasa mkewe alinyimwa moto na majirani, na akipita kisimani wanawake wanageuza migongo.

"Pasaka ikipita, wanaume watamtoa kijijini," Wamuyu alinong'ona. "Hawakusema kama atatoka mzima."

"Una hakika ni yeye?"

"Ile chafya naisikia mpaka leo, Mwalimu. Ya mwisho ina mkia, kama mbuzi anayekabwa."

Masikio ya Elphas yakawaka kwa aibu. Akachukua fagio akafagia pale alipokwisha kufagia.

Alimwita Padri, akamweleza habari ya chafya ya sanamu. Padri akanyunyiza maji ya baraka, akasali Kilatini chake, akampiga bega. "Umefunga mno, Elphas. Nenda kale."

Lakini Ijumaa Kuu, watu walipokwisha kutoka, akiwa peke yake anakusanya vitabu, ilimjia harufu ya gunia la kahawa, harufu ya maganda na jasho la watu wengi, akageuka akaona kitambaa cha Yosefu kikivutwa ndani penye mdomo kisha kikisukumwa nje, ndani, nje, polepole, kama mtu aliyefunikwa akitafuta hewa, naye akataka kusali akasahau hata Baba Yetu, mpaka sauti ya Njuki ikatoka mle ndani, imekauka, haina hasira hata kidogo.

"Mwalimu. Sema neno moja tu."

Elphas akatoka mbio, akaviacha vitabu sakafuni.

Hakusema. Jumamosi asubuhi, maana miaka hiyo misa ya Ufufuko ilisomwa asubuhi, kanisa lilijaa hadi mlangoni. Kivuti alisimama nje peke yake, kofia mkononi. Padri akaanzisha Gloria, kengele zikalia, na Elphas akaanza kuzifunua sanamu: Mama Maria, Moyo Mtakatifu, na mwisho Yosefu.

Alikishika kitambaa kwa mkono wa kushoto, akavuta. Vumbi la kahawa likamjaa puani. Akainua mkono wa kulia ajibane, mkono haukuja. Akatazama. Vidole vya mti, vyenye joto la mtu aliye hai, vilikuwa vimemkamata kifundo cha mkono.

Chafya ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikamkunja shingo mpaka kidevu kikagusa kifua, ikaburuta mkia wake kama mbuzi anayekabwa.

Kengele zikanyamaza. Safu kwa safu, wote waliopanga mstari siku ile wakageuza nyuso. Vidole vikamwachia. Yosefu alikuwa plasta na mti tu, macho yake ya rangi yakitazama mlangoni, alikosimama Kivuti.

Wamuyu akaja mbele, taratibu, akasimama karibu naye vile vile alivyosimama mumewe.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni wewe?"

Angeweza kusingizia ubani. Elphas alimtazama Kivuti, akamtazama Wamuyu, akainamisha kichwa. Mara hii haikuwa chafya.